Maana ya Saba

Mwezi uliopita tulimzika Mama Kijazi, na mimi nikaangukia kwenye kundi la wakata kabichi. Manyunyu yalikuwa hayajakata tangu asubuhi, ukungu umeshuka mpaka kwenye bati la jiko, na sisi wanawake tumejibana chini ya turubai lililofungwa kati ya ukuta na mpeasi, kila mmoja na kisu chake cha kutoka nyumbani, maana visu vya msibani vyote ni butu. Nilikuwa nimejichagulia pembe yangu, sinia mapajani, mara nikaona kigoda kinawekwa ubavuni pangu. Nikainua macho. Zubeda. Akasema, "Shoga, sogea kidogo tukate wote." Miaka kumi na miwili Zubeda hajaniita shoga. Tukikutana sokoni Lushoto ananiambia "habari za leo", namjibu "nzuri, za kwako", kila mtu na kapu lake, basi. Hata kwenye harusi tumekaa meza moja tukapitishiana chumvi bila kutazamana. Leo ananiita shoga, amenisogelea mpaka magoti yanagusana, na kisu mkononi. Sasa hivi nacheka nikiandika, ila siku ile sikucheka. Nilikata kabichi yangu macho chini, nikijiuliza, huyu anataka nini kwangu?

Kwa kawaida mimi si mtu wa kushuku. Ukiniambia kuku wako anajua kusali, nitakuuliza anasali dhehebu gani. Ndiyo maana kazi yangu ya kutembeza wageni milimani inanifaa, naamini kila wanachoniambia kuhusu kwao na wao wanaamini ninachowaambia kuhusu kwetu, tunafika Irente tumefurahi wote. Lakini upo mwaka mmoja nilishuku mtu mpaka nikasahau kujitazama mwenyewe. Mtu huyo ni huyuhuyu aliyekuwa akikata kabichi karibu yangu, na kilichonipa ujasiri wa kumshuku ni neno moja la Kiingereza.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha nne na cheti ambacho mpaka leo nakiweka chini ya nguo, nguo za chini kabisa. Kiingereza ndicho kilichoniangusha. Na ajabu ni kwamba ndicho nilichokitaka kuliko vyote, kwa sababu siku moja nilimwona msichana amevaa buti na kofia, amesimama kwenye mwamba wa Irente, anawaonyesha Wazungu wanne nchi tambarare kule chini, na wao wanamsikiliza kama wanafunzi. Nikasema moyoni, yule ni mimi, amenitangulia tu. Basi nikapata kazi kwenye bustani moja juu ya mji, ikilima saladi, brokoli, koliflawa na liki kwa ajili ya mahoteli ya mbali. Mwenyewe alikuwa kijana wetu wa Kitanzania aliyekwenda kusomea kilimo nje, tukimwita Mtaalamu. Kiswahili alikijua kuliko sisi, lakini ubao uliotundikwa kwenye banda la kufungashia aliuandika Kiingereza kitupu, maana kila asubuhi aliupiga picha akawatumia wanunuzi wake. Tulikuwa wanawake wanane, kila mmoja na matuta yake, na matuta yaliitwa kwa majina yetu. Ungesikia mtu anapiga kelele, "Leo tunamvuna Asha, kesho Naomi!" Wiki moja ubaoni iliandikwa Naomi, na mbele yake neno la vidukari, nikachekwa mchana kutwa kwamba nina wadudu. Nataka ulikumbuke hilo. Mimi nililijua, na siku ilipofika nikajifanya sikulijua.

Mimi na Zubeda tulilala chumba kimoja nyuma ya banda, chumba cha mbao chenye vitanda viwili na dirisha moja linalotazama matuta. Kilinuka liki. Nguo zetu zilinuka liki, mto ulinuka liki, hata Jumapili kanisani waliojua walinisogelea na wasiojua walinikimbia. Zubeda alitoka Mlalo, mpole, mwenye vidole virefu, anayeswali kwa wakati na kunikumbusha mimi Mlutheri kwamba kengele ya kanisa imelia. Mchana tulikula makande ya Mama Kijazi, msimamizi wetu, ambaye alipika, akahesabu masanduku, akajua nani kagombana na nani, vyote kwa mkono mmoja. Msimu wa plamu tulikula plamu mpaka meno yakafa ganzi. Na jioni, wenzangu wakisukana, mimi nilikaa na kamusi yangu. Niliikuta imefungiwa karanga sokoni, muuzaji akichana kurasa, nikamwomba iliyobaki. Haikuwa na jalada, ilianzia katikati ya herufi A, kwa hiyo yako maneno ya A ambayo mpaka leo siyajui. Nilijipangia neno moja kila siku. Shuleni mwalimu alitugawia daftari safu mbili, neno kushoto, maana kulia, na mimi nikakua nikiamini kila neno lina mume mmoja.

Ilianza na Alhamisi. Siku ya gulio Mtaalamu alituruhusu mapema, na jioni kila mmoja alimwagilia matuta yake mwenyewe. Zubeda akaniomba, "Shoga, nimwagilie wewe Alhamisi. Mimi nitakuchotea maji ya kuoga wiki nzima." Nikamuuliza anakwenda wapi. Akasema kwa shangazi, huko nyuma ya soko. Nani angekataa kuchotewa maji? Nikakubali. Wiki ya pili nikasema tu mezani, kwa wema kabisa, kwamba Zubeda ana bahati, shangazi yake yupo karibu. Mama Kijazi akasimamisha mwiko. "Shangazi gani? Zubeda hana shangazi Lushoto. Shangazi zake wote nawajua, wapo Mlalo, na mmoja miguu haimchukui hata mpaka kisimani." Zubeda hakuwepo mezani. Nilimeza makande yangu yakateremka kama kokoto.

Tangu hapo masikio yangu yakawa marefu. Zubeda alikuwa na kitochi chenye ufa, na akipigiwa alitoka kusimama kwenye mbolea ya samadi, ambako hakuna anayependa kusimama. Mimi nikaanza kuipenda samadi. Siku moja nikiwa nyuma ya uzio nilimsikia: "Ndiyo... Hapana, hapa hajui mtu. Mjomba akijua nimekwisha. Mwezi wa tatu nitakuwa tayari." Tayari kwa nini? Wiki hiyohiyo akarudi kutoka huko kwa shangazi asiyekuwepo na komeo jipya la chuma, akalipigilia mlangoni mwenyewe kwa jiwe. Nikamuuliza, "La nini?" Akasema, "Wezi." Nikasema, "Waibe nini humu, Zubeda? Vijiko viwili?" Akacheka, lakini hakunitazama. Baadaye nikawa nakuta mlango umekazwa kwa ndani mchana, nagonga, nasikia kitu kinaburutwa, ndipo ananifungulia na uso wa mtu aliyetoka usingizini, na kitanda hakina hata mkunjo. Chini ya kitanda chake ukaja mzigo umezongwa na gunia. Sikuufungua, nashukuru angalau kwa hilo. Niliupapasa kwa unyayo tu. Mrefu, mviringo, laini.

Kama ningemuuliza! Leo nikiwa na wageni huwa nauliza kila kitu, hata visivyonihusu. Lakini wakati ule kushuku kulikuwa kumeshaanza kuninogea. Kulinipa kazi. Nikiwa nang'oa magugu nilimtungia Zubeda hadithi, mara ana mchumba dereva wa lori la kabichi, mara wanakwenda Dar es Salaam, mara mwanaume mwenyewe ana mke. Nilimlilia kabisa kwenye hadithi zangu. Machozi ya kweli yalidondokea kwenye koliflawa.

Halafu likaja lile neno. Ilikuwa kiangazi cha baada ya mwaka mpya, jua kali lisilo la kawaida kwetu, vumbi mpaka kwenye chai. Asubuhi nikakuta ubaoni, kwa herufi kubwa za Mtaalamu: ZUBEDA, BOLTED. Neno silijui. Mtaalamu alishapanda gari akashuka Mombo, arudi Jumatatu. Nikakimbia chumbani, nikafungua kamusi. Maana ya kwanza, komeo la mlango. Nikageuka nikalitazama lile komeo mlangoni, vinyweleo vikanisimama. Ya pili, bolti, ile ya nati, hiyo nikairuka. Ya tatu, jora la kitambaa. Nikainama chini ya kitanda. Mrefu, mviringo, laini. Ya nne, radi, na mbingu ilikuwa nyeupe, lakini niliisikia. Ya tano: kukimbia ghafla, kutoroka. Nikaifunga kamusi hapo. Kulikuwa na maana nyingine chini yake, niliziona kwa pembe ya jicho, lakini mimi nilishapata niliyokuwa naitafuta. Kitu kimoja tu kilinitatiza. Mwalimu alitufundisha kwamba ile ed ya mwisho maana yake jambo limeshatendeka, na Zubeda nilikuwa namwona dirishani anakula plamu. Nikalitatua hilo nalo. Nikasema, basi ametoroka moyoni, bado miguu.

Mchana nilimfuata Mama Kijazi jikoni. Nilikuwa nalia, na nia yangu ilikuwa njema, na hiyo nia njema ndiyo iliyoharibu. Nilimwambia habari ya simu, ya komeo, ya mzigo. Alifuta mikono kwenye kanga.

"Una hakika, Naomi?"

"Imeandikwa ubaoni, mama. Mtaalamu mwenyewe kaandika. Zubeda katoroka, ndivyo ilivyo kwa Kiingereza."

"Mbona yupo?"

"Anataka kutoroka, mama. Kiingereza kinatangulia."

Mama Kijazi Kiingereza hakukijua, na kwa hiyo alikiheshimu mno. Akasema, "Kama kimeandikwa, basi." Mjomba wa Zubeda ndiye aliyemleta pale na kumkabidhi mkononi mwake. Akampigia.

Jumamosi mjomba alifika, mzee mrefu wa koti la sufu na kofia ya kitambaa. Tukasimama wote. "Onga mshi, mgosi, karibu," Mama Kijazi akamsalimia kwa kilugha. Sisi tukasema shikamoo kwa pamoja kama darasa. Aliitikia marahaba moja kwa wote, akasema amekuja kumchukua binti. Zubeda alikuwa anaosha liki kwenye karai. Hakuuliza kwa nini. Alijifuta mikono tu, polepole, kidole kwa kidole. Mjomba akaingia chumbani, akainama bila kuonyeshwa, akauvuta ule mzigo mpaka uwanjani, gunia likafunguka. Kitambaa cheupe kikajikunjua kwenye vumbi, na ndani yake mashati madogo ya shule, mengine yamekatwa, mengine yamelazwa mishono ya mkono.

"Hizi ndizo nguo za safari?"

"Ni mashati ya watoto, mjomba. Najifunza cherehani. Kwa mama mmoja nyuma ya soko. Mwezi wa tatu ananipa kiti cha kazi."

Ingekuwa afadhali angesema ni mwanaume. Dada mkubwa wa Zubeda alikwenda Tanga kujifunza cherehani akapotelea hukohuko, na mzee alishaapa hataki kusikia mlio wa cherehani kwa binti mwingine. Kwa hiyo komeo lilikuwa la kujifungia akakate nguo kitandani. Simu ilikuwa ya fundi. Zubeda aliokota mashati moja moja, akayakung'uta, kisha akanitazama. Hakuna mwingine aliyejua kilichopo chini ya kitanda chake. "Kumbe ni wewe," akasema. Sauti yenyewe haikuwa kali. Wakashuka kwenda kutafuta gari, mzee mbele, yeye nyuma na mzigo kichwani, na karai la liki likabaki limejaa maji.

Mtaalamu aliporudi Jumatatu akauliza Zubeda yuko wapi. Mama Kijazi akamjibu kwa mshangao, "Si uliandika mwenyewe kwamba katoroka?" Mtaalamu alicheka mpaka akashika nguzo. Halafu akatutazama nyuso, akaacha kucheka. Akanichukua mpaka kwenye matuta ya Zubeda. Saladi zilikuwa zimejinyoosha, kila moja imesimamisha shina katikati kama mnara wa msikiti, na ncha yake vimaua vinataka kutoka. Akavunja moja, ukatoka ute mweupe. "Onja." Chungu. "Hii ndiyo bolt. Saladi ikikimbilia maua kabla ya wakati, wanasema imebolti. Hailiki tena. Niliandika matuta, Naomi, si mtu."

"Inafanywa na nini?" niliuliza, kwa sababu nilihitaji kusema kitu.

"Joto. Na kiu zaidi. Ikikosa maji mara mbili tatu inaogopa kufa, inaharakisha mbegu." Akatazama matuta ya pembeni, ya kwangu, mabichi yametulia. Akakuna kichwa. "Ajabu. Jua ni lilelile moja."

Zile Alhamisi nilikaa kwenye ndoo ya Zubeda iliyofudikizwa, kamusi magotini, nikiwakaribisha Wazungu wangu wa kufikirika kwenye mwamba: welkam, welkam, pliz si the vyu. Ndoo ikiwa imekaliwa haiwezi kuchota maji. Jua likizama nilijiambia, mvua itanyesha tu, na nikaenda kuoga maji aliyonichotea yeye. Mtaalamu akasema angependa Zubeda arudi, akampigia mjomba. Mjomba akamuuliza swali moja, matuta yake yalikuwaje? Mtaalamu si mwongo. Akajibu yameharibika yote. Mzee akasema, binti mwenye siri na kazi imemshinda hana cha kurudia huko. Nilikuwa nimesimama pale pale, simu ikiwa kwenye spika. Sentensi moja ya kwangu, ya Kiswahili, isiyohitaji kamusi, ingemrudisha. Nilijua pia kwamba ingenitoa mimi. Baadaye nikafungua ule ukurasa nikashuka nao mpaka mwisho. Ya sita ilikuwa kubugia chakula. Ya saba: kwa mimea, kutoa maua kabla ya wakati wake.

Wiki mbili baadaye nilikwenda Mlalo kuomba radhi. Walinipokea vizuri, chai ya tangawizi na viazi vya kuchemsha, kwenye chumba chenye picha ya Makka na dirisha dogo. Zubeda alikaa mkekani, hana hata sindano mkononi. Alinitazama muda mrefu kama anayesubiri mtu amalize kufungua mzigo. Nikamweleza habari ya neno. Kwamba lina maana saba, kwamba mimi nilifundishwa kila neno lina moja, kwamba lilinidanganya. Nilieleza vizuri, nilikuwa nimejipanga njia nzima. Alipoona nimemaliza, akaniongezea chai, na iliyokuwepo bado haijaisha. "Sawa," akasema. "Mwambie hilo neno lije liombe radhi lenyewe." Na hapo ndipo ilipoanza miaka yetu ya habari za leo. Cherehani aliipata, lakini baadaye sana, mjomba alipofariki, na sasa ana duka lake Soni, na mashati ya shule ya nusu ya watoto wa bonde hili yametoka kwake. Mimi bustanini nilikaa mwaka mwingine mzima, Kiingereza kikakaa sawa, nikapata buti na kofia. Wageni wanapenda nikiwasimulia kisa cha bolt. Wanacheka sana. Nimekisimulia mara nyingi mno, na kila mara kinaishia kwenye maana ya saba.

Sasa turudi chini ya turubai, manyunyu yanagonga, na Zubeda anakata kabichi nyembamba kama uzi. Kisha akauliza, "Bado una ile kamusi yako?" Nikasema siku hizi simu inatosha. Akasema Mama Kijazi alimtembelea dukani mwezi mmoja kabla ya kufariki, akamshonea gauni, na wakaongea habari za bustani. "Alinihesabia waliokuwa wakimwagilia vizuri na waliokuwa wakiota ndoto." Hii ndiyo sababu ya kigoda. Nilitazama kule jikoni, nikatamani mtu aniite, hata kwa kuchota maji. Hakuna aliyeniita. Nikaweka kisu siniani.

"Zubeda. Sikumwagilia. Zile Alhamisi nne, sikumwagilia hata moja."

Hakuinua kichwa. "Tano," akasema.

Nikazihesabu upya moyoni.

"Ijumaa asubuhi nilikuwa naushika udongo. Mkavu kama unga. Nikasema nikwambie, nitakwambiaje, wakati Alhamisi zenyewe naziiba? Mjomba akaja. Halafu ukaja Mlalo, nikasema leo anasema. Ukaleta habari ya neno." Akakusanya kabichi yake kwa kiganja, akaimimina kwenye beseni. "Nimekusubiri mpaka yule mama amekufa. Leo nikajiambia nikusogelee, labda upo mbali, husikii."

"Nisamehe," nikasema. Kiswahili, neno moja, na halikuwa na maana nyingine yoyote.

Alichukua kabichi nyingine nzima, akaipasua katikati, nusu akaniwekea mimi. Akanitazama mikono.

"Kata nyembamba, shoga. Hiyo unamkatia nani, ng'ombe?"